Kumwandikisha mtoto mdogo kwenye skauti: mzazi aanzie wapi

Wazazi wengi wanaijua skauti kwa sura moja tu: vijana wenye skafu shingoni, wamejipanga kwenye gwaride. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita akisema anataka kuwa skauti, anaambiwa asubiri akue. Hana haja ya kusubiri. Ni kweli kwamba kambi ya majaribio aliyoiongoza Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, ilikuwa ya wavulana wakubwa. Lakini wadogo zao hawakukubali kuachwa, na kufikia 1916 wakawa wameundiwa ngazi yao rasmi. Tangu hapo umri umekuwa ukishuka. Kanada ilianza kupokea watoto wa miaka mitano katika miaka ya 1970, na mwaka 2021 Uingereza ikafungua mlango kwa wa miaka minne.

Umri ukishuka hivyo, na kazi ya mzazi hubadilika. Kijana wa miaka kumi na mbili anajiunga mwenyewe; wewe unalipa ada na kumsubiri nyumbani. Wa miaka sita anajiunga pamoja na nyumba nzima. Utakaa kwenye vikao, utabeba maji, utalala kwenye hema. Ukilijua hilo mapema hutahangaika sana na sare wala beji, utawatazama zaidi watu wazima utakaokuwa nao mwaka mzima.

Kwanza, jua ngazi yake

Kila nchi inagawa umri kwa namna yake na ina majina yake. Kenya, wadogo wanaoanzia miaka sita huitwa Sungura, kisha hupanda kuwa Chipukizi, Mwamba na mwisho Jasiri. Uingereza huanza na Squirrels, miaka 4 hadi 6, halafu Beavers hadi 8, halafu Cubs hadi 10 na nusu. Marekani, watoto wote kuanzia chekechea hadi darasa la tano ni Cub Scouts, nao hugawanywa katika vikundi vidogo kwa darasa. Huko, walio katika miaka miwili ya kwanza hawaji peke yao hata siku moja: kila mtoto na mtu mzima wake.

Uliza umri unahesabiwa kuanzia tarehe gani. Kuna vyama vinavyoangalia siku ya kuzaliwa na vingine vinaangalia darasa analosoma. Mtoto aliyebakiza miezi miwili kupanda ngazi, mara nyingi ni afadhali aanzie kule juu kuliko kununuliwa vitu vya ngazi atakayoiacha kabla hajaizoea.

Kuhusu wasichana, hali inatofautiana. Nchi nyingi sasa zinawapokea wavulana na wasichana pamoja. Marekani iliruhusu wasichana katika ngazi ya wadogo mwaka 2018. Kwingine wasichana wana chama chao cha Girl Guides, ambacho nacho kina ngazi ya wadogo na kilianza zamani vilevile, mwaka 1910. Kama mna watoto wa jinsia zote nyumbani, kundi linalowachukua wote litawapunguzia safari, ingawa wapo wasichana wanaopenda zaidi kuwa peke yao na wanachangamka zaidi huko. Muulize mwenyewe.

Pili, tafuta kundi kupitia chama cha taifa

Shirika la Skauti Duniani hutambua chama kimoja tu kwa kila nchi, au shirikisho moja pale ambapo vyama ni vingi. Anzia hapo. Chama cha taifa kitakuelekeza kwa ofisi ya mkoa au wilaya, na kamishna wa wilaya, yaani msimamizi wa skauti wa wilaya hiyo, ndiye anayejua makundi yaliyo hai na yaliyobaki jina tu. Kumbuka pia kwamba kundi huwa lina mlezi: shule, nyumba ya ibada, au wakazi wa mtaa waliojiunga. Kwa hiyo ni halali kuuliza kama kundi la shule linapokea watoto wa nje, na kama kundi la kanisani au msikitini linapokea wa dini nyingine. Mengi yanapokea.

Mbona usichukue tu kundi la karibu lenye watoto waliovaa skafu? Kwa sababu mtu yeyote anaweza kushona skafu. Kundi lililosajiliwa lina viongozi waliochunguzwa na kufundishwa, lina mtu wa juu wa kumlalamikia, na mara nyingi lina bima. Lisilosajiliwa lina ahadi za mdomo. Omba kuona usajili wa mwaka huu na kitambulisho cha kiongozi. Kiongozi wa kweli hakasiriki akiulizwa hivyo.

Ukiambiwa nafasi zimejaa, usiondoke bado. Kinachopungua kwenye makundi ya wadogo kwa kawaida ni watu wazima. Chumba kipo na watoto wapo, ila kiongozi mmoja hawezi kuwachukua zaidi. Mzazi anayesema "niandikeni kwenye orodha" atasubiri. Anayesema "niandikeni, na mimi naweza kuja kusaidia kila kikao" mara nyingi huwa amejitengenezea nafasi yeye mwenyewe, na za watoto wengine kadhaa juu yake.

Tatu, nenda ukaone kabla ya kulipa

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Omba kikao cha kutazama, uende na mtoto. Makundi mengi huruhusu vikao vichache vya majaribio bila ada. Mwache mtoto acheze, wewe kaa pembeni ufungue macho.

Fika mapema kidogo. Dakika kumi kabla ya kikao zitakuonyesha mengi kuliko hotuba ya kiongozi. Je, yupo mtu anayewapokea watoto mlangoni na kuwaita kwa majina? Kuna kitu cha kufanya kwa waliotangulia, au wanakimbizana ovyo hadi mmoja aumie? Kiongozi ameshapanga kamba na kalamu zake, au ndiyo kwanza anatafuta ufunguo wa kabati?

Kikao kikianza, sikiliza kelele. Chumba cha watoto ishirini kilicho kimya kabisa kinanitia wasiwasi kuliko chenye kelele. Utakachopima ni namna kelele inavyotulizwa. Makundi mengi yana ishara ya kuinua mkono: kiongozi anainua wake bila kusema neno, anayemwona anainua wake na kufunga mdomo, na ukimya unasambaa chumba kizima. Ishara hiyo ikifanya kazi bila kiongozi kupiga yowe, ujue watoto wanamheshimu. Akilazimika kupuliza filimbi kila baada ya dakika mbili, kikao hakikuandaliwa.

Kisha tazama wanavyofundishwa. Tuseme leo ni fundo la kufungia bendeji. Kiongozi mmoja atasimama mbele aonyeshe, wote wakodoe macho, watatu washike, waliobaki waanze kuvutana nywele. Mwingine atampa kila mtoto kamba yenye ncha mbili za rangi tofauti, nyekundu na nyeupe, aseme "kulia juu ya kushoto, pitisha chini, sasa kushoto juu ya kulia, pitisha chini, vuta", kisha awapange wawili wawili mmoja amfunge mwenzake mkono uliovunjika wa kuigiza. Yule aliyekosea atajua mwenyewe, kwa sababu fundo litateleza na mkono utaanguka, na watacheka wote, naye atarudia. Hayo ndiyo skauti wanaita kujifunza kwa kutenda. Kwa watoto wa umri huu, shughuli moja ikizidi dakika kumi na tano bila kubadilika, wamekwisha kuondoka kiakili.

Mtafute pia mtoto asiyetaka kucheza. Kila kundi lina mmoja kila siku. Anaburutwa? Anachekwa? Ameachwa ajikunyate kona hadi mwisho? Au kuna mtu mzima aliyemsogelea akampa kazi ndogo, kama kushika saa au kuhesabu mabao? Mtoto wako naye atakuwa huyo siku moja.

Mkirudi, usimuulize kama amependa. Muulize mmecheza nini, na ni nani aliyekuwa kwenye timu yako.

Nne, maswali ya usalama

Yaulize yote, bila aibu, kabla hujajaza fomu. Skauti duniani ina utaratibu wa kulinda watoto, na vyama vya taifa vimeandika kanuni zake. Wewe unachotaka kujua ni kama kundi hili linaufuata.

Watu wazima huwa wangapi kikaoni? Jibu lolote chini ya wawili halikubaliki, hata kama huyo mmoja ni mtakatifu. Mtu mzima hakai peke yake na mtoto mmoja mahali wasipoonekana, iwe ni chooni, kwenye gari au kwenye hema. Hamtumii mtoto ujumbe wa simu kwa faragha. Mawasiliano hupitia kwa mzazi. Viongozi wamechunguzwa rekodi zao na wamehudhuria mafunzo ya ulinzi wa mtoto. Na mkitoka nje ya eneo la kawaida, mtu mzima mmoja anaangalia watoto wangapi? Uingereza, kwa mfano, kanuni ya matembezi ni mtu mzima mmoja kwa watoto wanne wa Squirrels, sita wa Beavers au wanane wa Cubs, pamoja na kiongozi mkuu wa msafara juu yao. Hata kama nchi yako ina hesabu nyingine, utakuwa na mahali pa kulinganishia.

Swali la mwisho ndilo linalokata shauri kwangu: mzazi anaruhusiwa kuingia kikaoni wakati wowote bila taarifa? Jibu ni ndiyo, basi. Ukisikia kuna sherehe ambayo wazazi hawaruhusiwi kuiona, au jambo ambalo watoto wanaambiwa wasiliseme nyumbani, chukua mtoto wako uondoke na uitaarifu ofisi ya ulinzi wa watoto ya chama.

Tano, ada na sare

Usiulize ada ya kujiunga tu. Uliza mwaka mzima utagharimu kiasi gani ukijumlisha usajili wa taifa, mchango wa kundi, sare, safari na kambi. Kiongozi mzoefu atakutajia. Kisha uliza kama kuna msaada kwa familia ambayo mkono ni mfupi. Makundi mengi yana mfuko wa namna hiyo na hayautangazi, maana hayataki mtu aone haya.

Sare inunuliwe kidogo kidogo, na isinunuliwe kabla mtoto hajamaliza majaribio. Anza na shati, kubwa kwa saizi moja. Skafu usinunue kabisa mpaka uulize, kwa kuwa kundi lina rangi zake na mara nyingi mtoto huvishwa siku anapotoa ahadi ya skauti. Uliza pia kama kuna kabati la sare zilizotumika. Watoto wanakua upesi kuliko mashati yanavyochakaa.

Sita, fomu

Zijaze kwa ukweli, hasa ile ya afya. Pumu, kifafa, mzio wa chakula au wa kuumwa na nyuki, dawa anazotumia na saa zake, woga wa giza, kutembea usingizini, kukojoa kitandani: yote yaandikwe. Mzazi anayeficha kwa kuogopa mtoto atakataliwa anamwachia kiongozi tatizo bila maelekezo, saa nane za usiku, mbali na hospitali. Mtoto mwenye ulemavu ana nafasi yake kwenye skauti. Kaa na kiongozi mzungumze kitu gani kibadilishwe ili ashiriki, na wewe ndiye unayemjua mtoto wako kuliko yeye.

Kuna kisanduku cha kuruhusu picha. Kisome kabla ya kutia saini. Unaweza kumruhusu mtoto ashiriki kila kitu na ukakataa picha zake kuwekwa mtandaoni.

Saba, wiki za mwanzo hadi ahadi

Mtoto aliyechangamka siku ya majaribio anaweza kukung'ang'ania mguu wiki ya tatu. Ni kawaida. Kaa ukutani, mahali anapokuona, usiingie mchezoni, na usitoroke akiwa hajaangalia. Akigundua umetoweka, wiki ijayo hatokubali kuvua viatu. Muage, mwambie utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo.

Baada ya vikao kadhaa atafundishwa ahadi. Katika nchi nyingi ya wadogo imefupishwa kuliko ya wakubwa, na inahusu wajibu wake kwa Mungu, kwa nchi na kwa wenzake, kwa jinsi chama cha nchi yenu kilivyoipanga. Usimkaririshe kama sura ya mtihani. Mwulize kila fungu lina maana gani nyumbani: "kusaidia wengine" kwa mtoto wa miaka saba ni kumfunga mdogo wake viatu, si zaidi. Siku ya ahadi atashikana na kiongozi kwa mkono wa kushoto, kama skauti wote duniani, na katika nchi nyingi atapiga saluti. Mjulishe mapema kuhusu mkono wa kushoto, hasa kama amelelewa kuambiwa kwamba mkono huo hautumiki kusalimia, asije akababaika mbele ya watu. Waalike babu na bibi. Sherehe ni fupi, nao hufurahi kuliko mtoto mwenyewe.

Hapa nitie neno kuhusu beji. Beji ni za mtoto. Marekani, Cub Scouts wamekuwa na mashindano ya vigari vya mbao tangu 1953: kila mtoto hupewa kipande cha mti na magurudumu manne, akakichonge nyumbani kwa msaada wa mzazi, kisha vishindanishwe kwenye mteremko. Na kila mwaka utaona kigari kilichopigwa msasa hadi kinang'aa, rangi imenyooka, uzito umepimwa kwenye mizani, na mtoto mwenye kigari amesimama nyuma ya baba yake anayekipanga mstarini. Kando yake kuna kigari kilichokaa upande, kimepakwa rangi tatu kwa vidole, na mwenyewe hataki mtu mwingine akiguse. Shika msumeno pale penye hatari ya kumkata, halafu rudisha mikono mfukoni.

Nane, usiku wa kwanza nje

Kambi ya kwanza ya mtoto mdogo iwe ya familia, usiku mmoja, mahali pa karibu. Wiki moja kabla, mlaze chini kwenye sebule na mfuko wake wa kulalia au mablanketi yake, taa imezimwa, ana tochi yake mwenyewe. Atagundua tochi iko upande gani na sakafu ni ngumu kiasi gani akiwa bado nyumbani.

Begi alifunge yeye, wewe ukisoma orodha. Ukilifunga wewe, atakaa kambini akilia hana soksi huku soksi ziko chini ya begi. Weka nguo za kila siku ya kambi kwenye mfuko wake wa plastiki, andika jina kwenye kila kitu, hata mswaki. Nguo za kulalia ziwe kavu na hazikuvaliwa mchana, kwani jasho la mchana ndilo linaloleta baridi ya usiku.

Kama bado anakojoa kitandani, usimzuie kwenda. Zungumza na kiongozi pembeni. Ndani ya mfuko wake wa kulalia weka suruali ya akiba na mfuko mwingine usioonyesha kilichomo, mfundishe kubadilisha bila kutoka, na mkubaliane na kiongozi nani atampeleka chooni kabla hajalala na mapema asubuhi. Viongozi wa wadogo wameshaliona hili mara nyingi.

Ikiwa siku moja ataenda bila wewe, usimwambie "ukichoka nipigie nitakuja kukuchukua". Maneno hayo yanamwambia kwamba unategemea ashindwe, na saa tatu usiku hatakuwa na jingine kichwani ila simu. Mwambie atakayoyafanya, na kwamba utamsubiri akirudi umsikilize.

Tisa, kazi yako wewe

Ukishakuwa ndani, utaombwa msaada. Chagua kimoja unachokiweza na ukifanye kila mara, badala ya kukubali vyote ukaishia kukwepa simu. Kuna kutunza daftari la fedha, kushona beji, kuendesha gari, kufundisha watoto kuogelea kama umefuzu, au kufika tu ili idadi ya watu wazima itimie. Ukipenda kuvaa sare uwe kiongozi msaidizi, utachunguzwa na kufundishwa kama wengine, hata kama kundi zima ni majirani zako.

Pakitokea jambo usilolipenda, mwambie kiongozi wa kundi kwanza, ana kwa ana, baada ya kikao, watoto wakiwa mbali. Asiposikia, nenda kwa kamishna. Jambo la usalama wa mtoto halipiti ngazi hizo. Hilo linakwenda moja kwa moja kwa ofisi ya ulinzi wa watoto ya chama au kwa polisi. Na kama hakuna kosa lolote ila mtoto haendani tu na kundi, jaribu kundi la pili kabla hujasema skauti haimfai. Makundi mawili ya wilaya moja yanaweza kutofautiana mno, moja likipenda milima na jingine michezo ya kuigiza.

Miezi michache kabla mtoto hajafika umri wa kupanda, omba atembelee ngazi ya juu mara mbili tatu akiwa bado na skafu yake ya udogo. Wengi huacha hapo katikati, wanapotoka kwa kiongozi waliyemzoea kwenda kwa vijana warefu wasiowajua. Mtafutie mmoja aliyepanda mwaka uliopita, wakae patroli moja, yaani kikundi kimoja kidogo ndani ya kundi, na umwambie kiongozi mpya mambo yote uliyoyaandika kwenye ile fomu ya afya, kwa kuwa faili huwa haliwahi kufika kabla ya mtoto.